Kiti cha Alto

Siku ya kwanza kazini sikushika chombo chochote cha muziki. Nilipewa kipande cha chaki. Mkurugenzi wa Masomo, padri mzee mwenye miwani minene, alinipeleka katika chumba cha nne cha shule ya muziki ya chuo kikuu, juu ya kilima cha Kamembe kinachotazama ziwa, akaniambia nichore sakafuni mahali pa viti vinne. Nilichora mstari mmoja ulionyooka, jinsi nilivyozoea kuona kwaya zikipangwa. Padri akaufuta kwa soli ya kiatu.

“Mwalimu Yusufu, hawa batoto habatakuwa na muntu mbele yao wa kubaongoza. Kama habaonani macho, nani atabaambia baanze?”

Nikachora upya, safari hii nusu duara. Jioni mama yangu aliponiuliza nimefanya kazi gani, nikamwambia nimechora sakafu. Baba alikuwa seremala, na kwetu kazi ilikuwa kitu kinachoonekana kikikamilika. Mama alinitazama kwa huruma, akanipakulia ugali.

Kwa ninyi vijana ambao hamjawahi kuuona, muziki wa chumbani ni muziki wa watu wachache: watatu, wanne, pengine watano. Kila mmoja ana sehemu yake peke yake. Katika kwaya ukikosea, jirani atakuficha. Katika kundi la wanne hakuna wa kukuficha. Kundi tulilolifundisha zaidi lilikuwa na violoni mbili, alto moja na selo moja. Alto ni kama dada mkubwa wa violoni. Hushikwa begani vilevile, lakini mwili wake ni mpana zaidi na sauti yake imetulia katikati. Selo husimama kati ya magoti ya mpigaji aliyeketi, nayo hubeba sauti za chini. Hakuna anayehesabu kwa mdomo. Mpigaji wa violoni ya kwanza huvuta pumzi puani, wenzake wakaiona, na pinde nne zikagusa nyuzi kwa pamoja. Pumzi hiyo ndiyo niliyofundisha maisha yangu yote ya kazi.

Haikuwa kazi nyepesi. Unyevu wa ziwa uliachanisha gundi ya vyombo, kwa hiyo ufundi wa baba ulinisaidia kuliko vyeti vyangu. Mvua ikipiga mabati, tulisimama. Ndege ikitua katika uwanja wa Kamembe, tulisimama pia, pinde zikiwa hewani, kisha tukaendelea palepale. Wageni walishangaa. Wanafunzi wetu hawakuinua hata macho.

Baada ya miaka michache Mkurugenzi alinituma Bugarama kufundisha watoto wa shule kusoma nota. Wengi walikuwa watoto wa wakulima wa mpunga na wafanyakazi wa kiwanda cha saruji. Niliishi huko mwaka mzima, nikarudi mweusi kwa jua na mwenye furaha. Mmoja wa watoto wale, Solange, binti wa mfanyakazi wa saruji, alikuja baadaye kusoma violoni kwetu. Alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi.

Padri alipostaafu, tukapata kiongozi mpya, Mkuu wa Idara, madamu aliyesomea mbali. Sitamsema vibaya. Alituletea nyuzi nzuri, akatengenezesha paa, na kila muhula akaweka mtihani mbele ya jopo la walimu. Yeye ndiye aliyenifanya Msimamizi wa Vikundi Vidogo. Pia alileta metronomi, ile saa ndogo inayogonga mapigo bila kuchoka, moja kwa kila chumba. “Masikio ya muntu yanadanganyaka,” alituambia, “lakini hii haidanganyi.”

Mwaka huo nilikuwa na kundi la wanne nililolipenda kupita kiasi. Solange alipiga violoni ya kwanza. Violoni ya pili ilikuwa kwa binti mpole ambaye hakuwahi kumletea mtu shida. Alto ilikuwa kwa Bosco, kijana mwenye haya, na selo kwa Fidèle wa kisiwa cha Nkombo, mtoto wa wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani. Fidèle alikuwa na vidole vigumu kwa kuvuta kamba, lakini upinde wake ulikuwa laini ajabu.

Walikuwa wakijiandaa kwa mtihani. Tatizo lilikuwa sehemu ya polepole. Kila tulipofika katikati yake, selo ilichelewa. Kiasi kidogo tu, kama mtu anayesita mlangoni. Niliwasha metronomi; akachelewa. Nilimwambia aangalie pumzi ya Solange, akachelewa. Solange akakasirika. “Papa Yusufu, huyu anatuvuta nyuma. Miye nashindwa kupiga na huyu.”

Wiki tatu kabla ya mtihani Mkuu wa Idara aliingia, akasimama karibu na dirisha, akasikiliza hadi mwisho.

“Selo inachelewa,” alisema.

“Nitamzoeza, Madamu.”

“Hakuna wakati wa kumuzoeza. Umubadilishe.”

Ningeweza kuomba siku mbili. Ningeweza kumwita Fidèle kando. Lakini nilikuwa nimeaibika mbele ya mkubwa wangu, na aibu ikanitoka kama hasira. Nilimgeukia yule kijana mbele ya wenzake nikamwambia, “Fidèle, weye hauna masikio ya kundi.”

Alilegeza nywele za upinde, akafuta vumbi la kolofani, ule utomvu mkavu tunaoupaka upinde ili ushike nyuzi. Akailaza selo katika sanduku lake taratibu. “Asante, Mwalimu,” alisema, akatoka. Jumatatu hakuonekana darasani. Jumanne vilevile. Tukasikia amerudi Nkombo.

Nilimweka mwanafunzi wa mwaka wa juu, hodari, asiyechelewa hata kidogo. Mkuu wa Idara aliridhika. Mimi nilijiambia nimeridhika.

Kisha Bosco akashikwa na malaria. Mtihani ulikuwa karibu, na kundi halifanyi mazoezi likiwa na pengo. Nikachukua alto yake, nikakaa kwenye kiti chake. Katika miaka yangu yote ya kufundisha nilikuwa nikisikiliza kutoka mbele, nimekaa nyuma ya meza. Sikuwahi kukaa katikati yao.

Tulipofika sehemu ya polepole, alto inatakiwa kushuka hadi uzi wake mnene kuliko wote. Nilivuta upinde. Uzi ule ulikawia kuitika, maana chombo kilikuwa cha zamani na uzi mnene ni mvivu. Sauti yangu ilipotoka, selo ilikuwa imeshapita. Tukarudia. Nikabonyeza zaidi, nikaanza mapema, nikajaribu kila hila ninayoijua. Kila mara selo ilinipita, ikaniacha nikiwa peke yangu, kama abiria aliyefika kivukoni mashua ikiwa imeshang'oa nanga. Ndipo nikaelewa. Fidèle hakuwa akichelewa. Alikuwa akimngoja Bosco.

Siku hiyohiyo nilikwenda hospitali. Bosco alikuwa amekaa kitandani, homa imepungua. Nikamuuliza kuhusu uzi ule.

“Ndiyo, Mwalimu. Unachelewaka. Fidèle njo aliusikia wa kwanza. Aliniambia, weye vuta tu, miye nitakungoja.”

“Na siku ile nilipomwondoa, mbona haukusema?”

Akatazama shuka. “Niliogopa mutaniondoa miye.”

Sikuwa na haki ya kumlaumu. Hofu hiyo niliipanda mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilipanda mashua kwenda Nkombo. Nilimkuta mama yake Fidèle pamoja na wanawake wengine watano, wakianika sambaza juu ya vyandarua vilivyotandazwa juani. Nilijitambulisha. Alijifuta mikono, lakini hakunipa mkono.

“Ni weye njo ulisema mutoto yangu hana masikio?”

“Ni miye, Maman. Nimekuja kumuomba radhi.”

“Ulimusema mbele ya batu?”

“Ndiyo. Mbele ya wenzake.”

“Basi na radhi useme mbele ya batu.”

Akamwita Fidèle aliyekuwa akishona nyavu. Wanawake wakaacha kazi zao. Majirani wakasogea. Nilikuwa mwalimu wa chuo kikuu, nimevaa koti, na viatu vyangu vimejaa mchanga na magamba ya samaki. Nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba kijana huyu alikuwa anasikia kuliko mimi, kwamba alimngoja mwenzake kwa sababu ya chombo kibovu, na kwamba mimi mwalimu wake nilimwita kiziwi bila kuchunguza. Mama mmoja akaguna, “Eh, walimu na bo banakoseaka!” Watu wakacheka, hata mimi nikapata pumzi.

Fidèle hakucheka. “Mwalimu, kama unanirudisha juu ya huruma, miye naona heri nibaki hapa.”

“Si huruma. Kundi linapiga vizuri sasa, hakuna anayekosea, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Limekufa. Nakuhitaji.”

Aliweka chini wavu aliokuwa akiushona. Kisha akamtazama mama yake. Mama ndiye aliyenipa mkono kwanza.

Mkuu wa Idara hakufurahi nilipomwomba amrudishe Fidèle na aahirishe mtihani. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyoosha karatasi mezani. “Siwezi kuahirisha mutihani juu ya maneno ya mudomo. Andika kwamba ulikosea. Barua itakaa ndani ya dosie yako.”

“Nitaandika, Madamu.”

“Unajua maana yake?”

Nilijua: faili la kazi likiwa na barua kama hiyo, cheo hakidumu. Niliandika palepale, mbele yake. Mwisho wa mwaka usimamizi wa vikundi alipewa mwenzangu, mimi nikarudi kuwa mwalimu wa kawaida kwa miaka mingi. Mtihani wa kundi lile ukasogezwa hadi muhula uliofuata. Solange alimwomba Fidèle msamaha bila kuambiwa na mtu. Kwake, hilo lilikuwa gumu kuliko ukurasa wowote wa nota.

Siku ya mtihani nilikaa nyuma kabisa. Walipofika mahali pale, Fidèle aliuacha upinde juu ya uzi bila kuuvuta. Uzi wa Bosco ukaitika, mnene na wa taratibu, na ndipo wote wanne wakaenda pamoja. Ilikuwa nafasi ndogo kuliko kupepesa jicho. Jopo zima liliisikia. Mkuu wa Idara alipita mbele yangu akitoka, akasimama. “Nimesikia, Mwalimu,” alisema, akaendelea na njia yake. Tuliheshimiana hadi alipohamishwa.

Fidèle leo anafundisha selo katika shule ileile. Bosco ana familia ng'ambo, Bukavu, na hunitumia salamu kwa watu wanaovuka mpaka.

Mimi nimestaafu. Asubuhi nanunua mkate, nasalimiana na watu sokoni, na mchana narekebisha violoni za wanafunzi barazani, maana bado gundi inaachana. Vijana wa sasa wanapata sauti sahihi kutoka kwenye simu, na wanaweza hata kufanya mazoezi na wenzao waliorekodiwa. Siwakatazi. Ila mtu aliyerekodiwa hatakungoja hata siku moja, na nawaambia hivyo wakija.

Watu wakinipongeza kwa habari ya Nkombo, naona haya. Fidèle nilimfuata kwa sababu bahati ilinikalisha mahali ambapo ningeweza kusikia. Kabla yake niliwaondoa wengine wawili katika vikundi vyangu. Consolata, wa Bweyeye, aliyepiga violoni ya pili. Na Issa, wa hapahapa Kamembe, aliyepiga selo. Niliwaita wazito, wakaacha shule, na nikalala usingizi mzuri. Baadaye nilipowatafuta, jamaa za Consolata walikuwa wamehama, na habari za Issa hakuna aliyezijua. Labda kweli walikuwa wakikosea. Labda hapana. Sijui, na ukweli huo ndio unaoniuma: sijui, kwa sababu sikuuliza.

Consolata, Issa, kama maandishi haya yatawafikia: mlistahili kuulizwa. Nisameheni.