Baba Alipochagua Risasi ya Nyati

Enzi zetu pale Old Kampala, mtoto mwenye maganda ya risasi nene alikuwa tajiri. Tuliyapuliza yakalia kama filimbi, mama zetu wakitufokea kutoka jikoni, mikono imejaa unga wa mikate ya kisra. Mimi nilikuwa nayo kibao, kwa sababu baba yangu alikuwa mwindaji, akiitwa kila mnyama aliposhambulia watu mashambani. Ndiyo, najisifu, na sioni haya.

Mwaka mmoja nyati aliua mkulima, baba akaitwa. Bunduki yake ilikuwa imepasuka mtutu, ikabidi anunue nyingine, ya risasi moja: unaikunja katikati, unatia, unafunga. Ukikosa, nyati hakungoji utie ya pili. Mhindi mwenye duka alimwekea mbili mezani, zinazofanana kwa yote isipokuwa unene wa risasi. Moja ilikula risasi nene kama kidole gumba changu, nyingine kama cha baba. Mzee Rajabu, mwindaji mwenzake, aliicheka ile ndogo. "Hii ni ya kupiga kanga. Nyati anataka hiyo mukubwa."

Tukaenda kuzijaribu kwenye shimo la changarawe, mimi nikiwa mwokota maganda. Mzee Rajabu aliangalia debe la kulengea. Mimi nilimwangalia baba. Ile kubwa ilimpiga teke begani hadi kofia ikaanguka, na kuanzia risasi ya pili nikaona anafumba macho kabla ya kufyatua.

Siku hizo mtoto wa kike hakumkosoa baba yake, tena mbele ya rafiki yake. Nilinyamaza mpaka nyumbani, Mama alipokuwa akimkanda bega kwa mafuta ya simsim. Niliogopa sana, lakini niliogopa zaidi kwamba asingerudi.

"Baba, na ile mukubwa unafunga macho. Ile ndogo haufungi."

Nilitegemea kofi. Aliuondoa mkono wa Mama begani, akauliza, "Mara ngapi?"

"Zote, isipokuwa ya kwanza."

Kesho yake alinunua ile ndogo, na Mzee Rajabu akamtangaza mtaa mzima kwamba kanunua bunduki ya kanga. Siku ya nne baba alirudi na pembe za nyati. Alikuwa amefyatua mara moja tu. Majirani walipojaa uani kumpongeza, alinivuta mbele yao akasema, "Risasi, huyu ndio alichagua." Niliringa mwezi mzima, na hata leo sijamaliza.

Sasa mjukuu wangu kule Ntinda anaua nyati na simba kwa kidole kimoja kwenye simu, chai yake ikipoa. Risasi hazimwishii. Juzi nilimuuliza, ukikosa inakuwaje?

"Unakufa, Jaja, halafu unaanza tena," akajibu bila kuinua macho.

Nilimkumbuka baba akiingia uani kwa miguu yake mwenyewe, na Mama akiketi chini ghafla, analia.