Waya za Mkia na Wakwe wa Mwankoko

Mpaka leo nikimwona mtu wa Mwankoko wa rika langu huwa navuka barabara, maana najua ataniuliza tu, "Kulia au kushoto?" na walio karibu watacheka, nami nitacheka nao kwa kuwa sina pa kujificha. Bora mnisikie mwenyewe, msije mkapewa iliyotiwa chumvi (ingawa hii haihitaji chumvi).

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa fundi wa ndege ndogo ya kupulizia nzige dawa, pale kiwanjani Singida. Fundi mkuu, Mzungu, alikuwa amelazwa kwa malaria, kwa hiyo kazi ya kubadilisha waya mbili za usukani wa mkiani, zile zinazovutwa na pedali za rubani ili ndege ielekee kulia au kushoto, ikaniangukia mimi. Alinionya akiwa kitandani: ukishafunga, mtu mmoja akanyage pedali, mwingine asimame nyuma atazame usukani unaelekea wapi, ndipo utie sahihi. Kazi ndogo kabisa.

Sasa, asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimewaalika wakwe zangu watarajiwa kutoka kijijini Mwankoko waje waone mkwe wao anavyorusha ndege (sikuwa narusha, lakini mchumba wangu Zaituni nilikuwa nimemwambia mengi). Nafunga nati ya mwisho, nainua kichwa, hao wanakuja, baba mkwe na kanzu yake, mama mkwe, mashangazi, Zaituni nyuma yao, nami nina grisi mpaka masikioni. Nikajiambia, waya ni waya, nimezifunga mwenyewe, zitakwenda wapi. Nikatia sahihi, nikakimbilia kunawa na kuvaa tai.

Rubani akaniuliza, "Umeujaribu usukani?"

"Ndiyo, bwana."

Injini ikanguruma, ndege ikaanza kutambaa, nami nimesimama kando ya baba mkwe namweleza kwa sauti kubwa kwamba sasa itakata kulia iende mwanzo wa kiwanja. Ikakata kushoto. Rubani akazidi kukanyaga kulia, nayo ikazidi kushoto, yaani ikatugeukia sisi, panga la mbele linazunguka, mashangazi wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe, baba mkwe akakusanya kanzu akanipita mbio (mzee aliyekuja kwa fimbo), na mimi, niseme kweli, nilikuwa nimeshampita mama mkwe. Rubani akazima injini, ndege ikaenda kujisokomeza kwenye uzio wa miiba, ikatulia.

Akashuka, mweupe kuliko siku zote. Hakufoka. Aliniambia nikae kwenye kiti chake, kisha akawapanga wakwe zangu nyuma ya mkia, wakiwa bado wanahema.

"Kanyaga kulia," akaniambia. "Nyinyi, usukani umekwenda wapi?"

Nikasikia sauti ya mama mkwe, ambaye hakuwa amewahi kutamka neno mbele yangu: "Kushoto, bwana."

"Haya, kanyaga kushoto."

"Kulia," wakajibu wote kwa pamoja, kama darasa.

Nilikuwa nimezipishanisha zile waya. Nikafungua, nikafunga upya, tai imetota grisi, wakwe wakakagua tena mpaka rubani akaridhika. Nikadhani yameisha. Akafungua mlango wa upande wa pili.

"Panda. Tunakwenda kuijaribu angani, mimi na wewe."

Sikuwahi kupanda ndege maishani. Tukapaa, tukageuka kulia juu ya ziwa Singidani, tukageuka kushoto, na kila tulipogeuka nilitapikia kofia yangu huku nikisoma dua zote ninazozijua na sala nilizozisikia kwa majirani zetu Wakristo. Tulipotua, baba mkwe akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema taratibu, "kwetu hatumpi mke mtu mwenye haraka. Rudi baada ya mavuno."

Zaituni akanong'ona akipita, "Na ukija, njoo na grisi yako, tai uiache. Ungeniacha mjane kabla ya ndoa."

Nilingoja mavuno, nikaoa. Ila tangu siku ile sijatia sahihi kazi ambayo sijaiona ikifanya kazi, na hata angefika Gavana mwenyewe na bendi yake, angesubiri juani mpaka mmoja akanyage na mwingine atazame.