Pasensya Kumi na Saba

Kwa miaka ishirini na sita Delfina Monsale aliandika maneno ya watu wengine katika mahakama ya mji wetu, na kwa muda wote huo hakuruhusiwa kurekebisha hata moja. Wakili akirudia swali mara nne, liliandikwa mara nne. Shahidi akikohoa, iliandikwa kwamba amekohoa. Alipostaafu alitafuta kazi nyingine inayotaka vidole vilevile, akaipata bila kutoka chumba cha mbele cha nyumba yake, mezani kati ya sanamu ya Santo Niño, Mtoto Yesu, na pipa la mchele.

Huko New Zealand kuna msichana kiziwi, Bronwyn, anayesomea uuguzi wa wanyama. Mwalimu wake akizungumza darasani, sauti inamfikia Delfina masikioni, huku kisiwani Panay, Ufilipino. Delfina anaandika, na maneno yanatokea kwenye kioo cha kompyuta ya Bronwyn kabla mwalimu hajavuta pumzi nyingine. Delfina akisimama, darasa zima linanyamaza kwa mtu mmoja tu.

Wakala aliyemwajiri ana sharti moja lisilo na mjadala. Mwandishi akikatika mara tatu katika muhula, mwanafunzi anapewa mtu mwingine. Umeme ni juu yako, lasema sharti hilo. Mtandao ni juu yako.

Mara ya kwanza ilikuwa mwisho wa Februari, asubuhi, katikati ya somo la dawa ya usingizi kwa mbwa. Mwalimu alisema, "Kwa mbwa mzee, kamwe usizidishe," na umeme ukakatika. Bronwyn alibaki akitazama neno "usizidishe" likiwa peke yake kwenye kioo. Usizidishe nini, usizidishe kiasi gani, hakuna aliyemwambia.

Saa tano baadaye shirika la umeme liliweka tangazo kwenye ukurasa wake: tawi limeangukia waya, pasensya. Neno hilo kwetu lina kazi mbili. Mkosaji hulitumia kuomba radhi, na kwa pumzi hiyohiyo humwamuru aliyekosewa avumilie. Ni neno rahisi kuliko kukata tawi kabla halijaanguka.

Delfina hakusubiri. Alimwita Nong Teroy, yaani Kaka Teroy, fundi wa betri mwenye karakana nyuma ya soko, ambaye alifika na betri ya lori kwenye toroli, akihema.

"Hii imesukuma lori la miwa miaka miwili, Inday," alisema, akitumia neno letu la kumwita mwanamke kwa upole. "Itashindwa na kikompyuta?"

"Itanipa saa ngapi, Nong?"

"Nyingi."

"Nyingi si namba."

"Basi nyingi sana."

"Nong, betri ya lori kazi yake ni kuwasha injini na kupumzika. Ukiinyonya mpaka chini kila siku, baada ya miezi mitatu ni mzigo wa kuzuia mlango. Unajua hilo kuliko mimi."

Nong Teroy alikuna shingo. "Nilidhani hujui," alisema, akageuza toroli.

Siku ya pili alirudi na betri ya lithiamu ya zile zinazofungwa kwenye sola, nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja. Delfina alikuwa amekwishapiga hesabu yake nyuma ya kalenda ya parokia. Kompyuta wati sitini, kioo cha pili ishirini na mbili, ruta ya mtandao kumi. Jumla tisini na mbili. Betri ile, ukiondoa kinachopotea njiani, ingemudu karibu saa sita. Somo refu la Bronwyn ni saa tatu.

Walifunga inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, wakaijaribu. Delfina mwenyewe alizima swichi kuu ya nyumba. Kompyuta haikupepesa, lakini ruta ilizimika na kuwaka upya, na kuwaka kwake kulichukua dakika mbili.

"Dakika mbili tu, Inday."

"Dakika mbili ni maneno mia tatu."

Ndipo fundi alipopata wazo ambalo bado analitangaza kila anapokaa kunywa kahawa. Ruta inakula volti kumi na mbili, na betri inatoa karibu hizohizo. Kwa nini umeme upandishwe na inveta halafu ushushwe tena? Aliifunga ruta moja kwa moja kwenye betri, akiweka kidhibiti kidogo katikati ili isipewe kupita kiasi. Walizima tena swichi. Mara hii hakuna kilichotikisika.

Delfina alizipaka soketi za betri rangi nyekundu ya kucha. Hapo hapachomekwi jiko la wali, feni wala simu ya jirani. Mtaani kwetu mwenye umeme siku ya giza hupokea chaja za watu wote bila kuulizwa, kwa hiyo katika wiki moja alisemwa kuwa ana roho ngumu.

Katikati ya Machi umeme ulikatika tena, saa mbili na nusu asubuhi. Kompyuta iliwaka. Kioo kiliwaka. Ruta iliwaka. Mtandao haukuwepo. Alijaribu simu, mnara wa simu nao ulikuwa umelala. Hiyo ikawa mara ya pili, na kila kitu alichokinunua kilikuwa kikimkodolea taa za kijani.

Alivaa kandambili akaufuata waya wa mtandao kwa macho, nguzo hadi nguzo, mpaka ukutani kwa ofisi ya barangay, yaani serikali ya mtaa, ambako kampuni ya mtandao imefunga kisanduku chake. Taa ya kisanduku ilikuwa imezimika. Lakini ndani ya ofisi taa zilikuwa zinawaka, feni inazunguka, na Kapitan wa barangay pamoja na madiwani wawili walikuwa wakifanya mazoezi ya karaoke kwa ajili ya fiesta, sikukuu ya mtaa. Umeme ulitoka kwenye betri kubwa ya msaada iliyoandikwa ubavuni: KWA MAAFA TU.

"Nang Delfa!" Kapitan alisema kwenye maikrofoni, akimwita dada kwa heshima, na mtaa mzima ukasikia. "Ingia, tukuwekee wimbo wa enzi zako."

"Kap, betri hii imeandikwa nini?"

"Ya maafa."

"Maafa yako wapi?"

"Umeme si umekatika? Tena muulize diwani anavyoimba." Madiwani walicheka.

"Kisanduku cha mtandao kiko ukutani kwako, kimezimika. Kinataka wati arobaini. Hizi spika zinakula mia tatu."

"Hicho ni mali ya kampuni, Nang. Nikikigusa nitashtakiwa. Pasensya."

Mnara wa simu ulipoamka, alipiga simu kwenye kampuni. Betri ya ndani ya kisanduku, aliambiwa, ilikufa tangu kimbunga cha mwaka juzi. Nyingine iko njiani. Pasensya.

Inafaa hesabu hii isemwe wazi. Mwanamke mmoja analipa umeme kwa shirika, mtandao kwa kampuni na kodi kwa serikali, kisha anajinunulia umeme wake, na bado anaambiwa sehemu iliyobaki ya kazi ya wote watatu ni juu yake. Akiuliza, anaombwa avumilie. Na anayelipia uvumilivu huo ni msichana aliyekaa mbele ya kioo kitupu, asiyejua hata jina la mtaa huu.

Jumamosi ya mwisho wa Machi ilikuwa siku ya mkutano wa barangay. Katibu alikuwa mgonjwa, Delfina akajitolea kuandika kumbukumbu. Kapitan alifurahi sana. Wakala wa kampuni ya mtandao naye alialikwa, akaketi mbele akiwa na kofia mapajani. Watu waliuliza juu ya umeme, mtandao na ile betri ya msaada. Wakubwa walijibu. Delfina aliandika bila kuinua kichwa. Mwishoni aliomba kusoma alichoandika.

"Fupisha tu, Nang," Kapitan alisema.

"Mahakamani husomwa yote, Kap."

Akasoma, kwa sauti ile kavu ya karani isiyopanda wala kushuka.

"Swali: betri ya kisanduku itafika lini? Wakala: iko njiani, pasensya. Swali: njiani kutoka wapi? Wakala: pasensya, sina taarifa. Swali: kwa nini betri ya maafa inaimbiwa karaoke? Kapitan anakohoa. Kapitan: pasensya, ni mara moja moja. Sauti kutoka nyuma: kila Jumanne! Kapitan: pasensya."

Kicheko kilianzia nyuma na kusogea mbele kiti kwa kiti. Kapitan alitazama dari. Delfina aliendelea mpaka mstari wa mwisho, kisha akageuza ukurasa.

"Nimehesabu," alisema. "Pasensya, kumi na saba. Tarehe, hakuna hata moja. Kumbukumbu isiyo na tarehe siwezi kuitia saini. Nipeni tarehe niandike."

"Andika kesho tunakiwasha kisanduku," Kapitan alisema.

"Kesho ni tarehe ngapi, Kap?"

"Nang, si unajua!"

"Mimi naandika kinachosemwa."

Kapitan aliitaja tarehe. Wakala, huku watu wakimtazama, alitia saini karatasi ya kuruhusu kisanduku kilishwe na betri ya barangay mpaka betri ya kampuni ifike. Nong Teroy alifunga waya Jumapili baada ya misa.

Mtihani wa mdomo wa Bronwyn ulikuwa wiki ya tatu ya Aprili: wakufunzi watatu, dakika hamsini. Umeme ulikatika dakika ya kumi na moja. Feni ya Delfina ilipunguza mzunguko, ikasimama. Jasho lilimshuka kwenye vipokea sauti. Aliendelea kuandika huku sikio moja likiwa nje, likitega karaoke, maana asingeweza kuinuka kwenda kumkamata mtu. Hakukuwa na wimbo.

Dakika ya thelathini mkufunzi wa pili aliuliza: kwa mbwa mzee, dawa ya usingizi, kiasi gani kamwe usizidishe? Delfina aliandika swali lote mpaka alama yake ya kuuliza. Bronwyn alijibu kwa ishara, mkalimani aliyewekwa kwa mtihani huo tu akatamka namba, na mkufunzi akasema sawa. Delfina aliiandika. Alikuwa akiisubiri namba hiyo tangu Februari.

Mtihani ulifika mwisho bila kukatika. Bronwyn alibaki naye.

Jioni Kapitan alipita na pikipiki, akasimama langoni.

"Leo hatukuimba, Nang," alisema. "Tumekaa tu na joto letu, hata feni hatukuwasha. Wati zote zimekwenda kwenye kisanduku chako."

Alisubiri ashukuriwe. Delfina alishika komeo.

"Pasensya, Kap," alisema, akafunga lango.