Mzee wa Mvumi ameitikia rozari

Jamani, leo nimelia hewani!

Nilikuwa naongoza rozari hapa redioni kwetu Dodoma. Mama mmoja akapiga simu kutoka Mvumi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwombee mzee wangu. Tangu apooze hajatamka neno."

Nikamwomba asikate simu, tusali wote. Nikaanza: "Salamu Maria, umejaa neema..."

Wakati wa kuitikia, ikasikika kwenye simu sauti ya kiume, nzito, ikijikokota: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu..."

"Ni yeye!" mama akapiga kelele. "Baba Yohana, ni wewe?"

Mzee aliendelea tu na sala mpaka amina.

Mimi nikabaki nalia. Rozari imesimama, fundi mitambo ananipungia mikono.

Mama ndiye aliyeniokoa, huku naye analia: "Anza tena, mwanangu. Nataka kumsikia."

Nikaanza tena.

Mliokuwa mnasikiliza, niambieni, mliitikia naye?