Matairi ya Hamisi kwenye Njia ya Wapagazi

Siku ile tuliyompeleka mama hospitali, mwanangu, haijanitoka kichwani hata leo na mvi hizi. Kaka yangu Hamisi alikuwa amelivisha gari lake matairi makubwa kuliko saizi yake, ili lisimame juu, watu wa mtaa wa Gongoni mjini wageuze shingo. Alikuwa mtu wa mbwembwe, Mungu amrehemu.

Tulitoka Kwihara kwenda Tabora mjini mchana wa jua kali, mama kalala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu, pumzi inakatika. Kila gari lilipokata kona, chini ya miguu yetu kilisikika kitu: kru, kru, kama mtu anayeburuta mzigo. Nywele zilinisimama. Sisi wa njia ile ya misafara ya zamani tumekua tukiambiwa kwamba wapagazi walioanguka na pembe za ndovu mabegani, wakaachwa bila kaburi, bado wanatembea. Ukiwasikia usisimame, rusha unga kidogo, upite. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikachota unga wa uji wa mama, nikarusha dirishani. Hamisi akaongeza mwendo, na sauti nayo ikazidi.

Ndipo mama akafumbua macho. "Simamisheni gari. Wafu hawanuki mpira."

Tairi la mbele lilikuwa limesuguana na madigadi mpaka nyuzi zimetokeza, linafuka moshi. Lingetupasukia tukiwa kasi vile. Hamisi akadandia pikipiki ya mpita njia kwenda kufuata matairi ya zamani ya gari, nikabaki na mama. Sikufichi, niliogopa atanifia mikononi.

Gari limezimwa, upepo hakuna. Kru, kru. Ikatoka nyuma yetu, ikapita ubavuni, ikaenda zake upande wa Tabora. Vumbi halikutimka.

Mama akanong'ona, "Hao sasa ndio wenyewe. Waamkie."

Nikasema shikamooni.

Hamisi akarudi, tukabadili matairi, na mama alifika hospitali akiwa hai, akaishi hata akakuona wewe ukitambaa.

Basi ukibadili matairi, soma namba za kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, uzilinganishe na za tairi. Usipoelewa, uliza, kuuliza si ujinga. Gari halivai kwa ajili ya watazamaji. Na kitu kikikufuata njiani usikimbilie kuwasingizia wafu: simama, shuka, chungulia chini. Ukikuta chini ni salama na bado unasikia, toa salamu, uwapishe wapite. Mola akufikishe kila uendako, mwanangu, na akurudishe kwa wanaokungoja.