Baba Aliyetazama Magharibi

Baba alikuwa na mashua moja na ubishi wa mashua kumi. Mashua yenyewe ilikuwa kuukuu, ya mbao, ila aliipaka rangi ya buluu mpaka ikasahau umri wake. Akafunga injini ndogo aliyokuja nayo kutoka Uganda, akasimamisha nguzo nne na kutandaza juu yake turubai la mistari ili Mama asichomwe na jua. Haikuwa ya kuvua samaki wala ya kuvusha abiria. Ilikuwa ya kumtembeza Mama.

Maana Mama alikuwa haitaki Juba. Ilikuwa miaka ya sabini, amani imekuja, na watu wetu walikuwa wakirudi kutoka uhamishoni kwa malori, na vitanda vyao na kuku wao. Baba alikuwa ameondoka akiwa kijana mbichi, akaishi kando ya Ziwa Albert akitengeneza injini za wavuvi, akamwoa Mama hukohuko kwao. Kwa Baba, tulikuwa tumerudi nyumbani. Kwa Mama, tulikuwa tumehama. Nguo zake nzuri zilibaki zimekunjwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na mimi nilijua maana yake: siku yoyote angelibeba apande lori la kurudi kwao. Kama angetuchukua au angetuacha na Baba, hakuna aliyeniambia. Kila asubuhi nikifagia nililigusa kwa ncha ya ufagio nione kama bado lipo.

Baba aliamini mto ungemlainisha. Jumapili moja, mvua za mwaka zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, tulitoka kanisani, tukala, tukashuka kutoka mtaa wetu wa Hai Cinema kwenda mtoni. Mama alikuwa amembeba mdogo wangu mgongoni, mimi nimebeba nanasi na kisu. Njia nzima majirani walikuwa wanaanua nguo, nyingine bado zinachuruzika maji. Mama akasimama.

"Baba watoto, mbona wote wanatoa nguo kwa kamba?"

Baba akatazama magharibi. Hakuhitaji kufikiri, shingo yake iligeuka yenyewe. Kule ziwani dhoruba ilitoka upande wa Kongo, juu ya milima, na wingu likionekana kule hakuna mashua inayotoka. Magharibi ya Juba siku hiyo ilikuwa nyeupe pe.

"Mvua hakuna. Mbingu iko safi. Hawa wanaogopa vumbi tu."

"Na ile nyekundu?" Mama akaonyesha mashariki, ng'ambo ya mto.

"Si ndiyo hiyo vumbi, mama watoto. Vumbi inaweza kuzamisha mtu?"

Alisema akicheka. Mama akapanda mashua, kwa sababu alikuwa amechoka kukataa kila kitu. Hilo aliniambia nilipokuwa mtu mzima.

Mwanzoni ilikuwa raha. Baba alitupeleka juu dhidi ya mkondo, akitaja kila mahali alipoogelea utotoni. Mashua nyingine ya starehe ikatupita, vijana wamefungulia redio, na msichana mmoja mwenye gauni la njano akanipungia mkono. Nilimwonea wivu kwa gauni lile.

Kisha jua likazimika. Vumbi likaja juu ya maji likiwa jekundu, likatuingia machoni na midomoni, na nyuma yake ukaja upepo ambao sijawahi kuusikia tena. Turubai likajaa upepo. Kitu kile kizuri, kilichotundikwa kwa mapenzi, kikailaza mashua ubavu mpaka maji yakaanza kumiminika ndani. Baba alikuwa anapigana na injini, anapiga kelele maneno ambayo hatukuyasikia. Nilimwona Mama akimfungua mdogo wangu mgongoni na kumfunga upya kifuani, uso kwa uso naye. Nilielewa alikuwa anajitayarisha kuingia majini. Niliogopa mpaka mkojo ukanitoka, na sioni haya kulisema.

"Kisu!" Mama akanyoosha mkono.

Alikata kamba moja, akakata ya pili. Turubai likapigapiga, likararuka, likaruka likaenda zake. Mashua ikainuka. Injini ilikuwa imekufa, mvua inatuchapa, na upepo ukatusukuma nyuma hadi kwenye matete ya ukingo wa Juba, chini kabisa ya tulikotoka. Mwanamke aliyekuwa na bustani ya bamia pale akaingia maji hadi kiunoni akatuvuta. Akamtazama Baba juu hadi chini.

"Inta ma shufu turab?" Wewe hukuliona vumbi?

Baba, mtu wa kujibu kila kitu, akainama akaanza kuchota maji ndani ya mashua.

Ile mashua ya redio ilipinduka. Wavulana walifika ukingoni. Yule msichana hakufika. Baba alikwenda kumtafuta pamoja na wanaume wengine, siku hadi siku, mpaka alipopatikana, na aliporudi alikaa mlangoni akalia wazi mbele yetu. Mama akaketi karibu naye. Sikuwahi kumsikia akimlaumu. Alisema neno moja tu, kwa upole, nami nikalisikia nikiwa nyuma ya pazia.

"Mimi mto siogopi. Naogopa kukaa hapa na mtu ambaye yeye mwenyewe bado hajafika, macho yake bado yako kule ziwani."

Nikajua sanduku litaondoka.

Mvua ziliendelea. Kila asubuhi Baba alitoka nje, shingo ikageuka magharibi, akajishtukia, akailazimisha kugeuka mashariki. Ilikuwa inachekesha, lakini hakuna aliyecheka. Mashua aliiuza. Halafu siku moja, nyanya zinakatwa kwa ajili ya chakula cha mchana, anga juu yetu ni buluu, Baba alisimama uani akatazama moja kwa moja mashariki, ng'ambo ya mto, palipokuwa na wekundu mwembamba, bila shingo kugeukia magharibi kwanza.

"Anueni nguo," alisema.

Tukaanua. Vumbi likaja, kisha mvua. Mama alisimama dirishani akaitazama mpaka ikapungua. Kisha akaingia chumbani, na nikasikia bati likikwaruza sakafu. Nilikimbia nikamshika sketi kwa mikono miwili.

Sanduku lilikuwa wazi, na yeye alikuwa anatoa nguo moja moja na kuzitundika kwenye misumari ukutani. Zilikuwa zimekaa na mikunjo tangu Uganda, mikunjo ambayo pasi haikuwahi kuitoa. Alizivaa hivyohivyo.