Nilificha mini PC ndani ya kasha la desktop iliyokufa, na aliyenifumania ni baba yangu muuza viazi

Wakuu, na akina dada wenzangu mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata like, nawasalimu kutoka Butembo, mashariki ya Congo.

Kiswahili changu mtakiona kinayumba kidogo na Kifaransa kinachungulia. Mnivumilie, ndivyo tunavyoishi nacho huku.

Hii si chai. Yote yamenitokea mimi mwenyewe, na mashahidi wapo, mmoja wao ni pasta. Picha ya kasha nitakalowaeleza ningeiweka sasa hivi, lakini kwa leo lina mpangaji ndani na hapendi kusumbuliwa. Mtamjua mbele.

Nina secrétariat hapa komini ya Vulamba. Kwa wasiojua, ni chumba unachoingia na karatasi zako za mkono ukatoka nazo zimechapwa vizuri. Barua za kuomba kazi, kazi za wanafunzi wa chuo, mialiko ya harusi, programu za mazishi. Chumba ni cha baba na kinatazama barabara.

Papa ni mfanyabiashara. Anachukua viazi na maharagwe kule Kirumba, anapakia lori, anauza hapa mjini. Anajulikana kwa jambo moja: gunia lake hulifungui. Kuna wauzaji wanaopanga viazi vikubwa mdomoni mwa gunia, ukifika katikati unakuta vya ukubwa wa gololi. Cha Papa kilicho juu ndicho kilicho chini. Wateja wa Beni wanabeba bila kuangalia.

Sasa mtu kama huyo, chumba kinachotazama barabara kikae bila gunia hata moja, kwake ni kama chakula kinamwagwa. Nilipokiomba alifikiri siku mbili, halafu akajibu mbele ya Mama:

"Sawa. Fanya kazi yako humo. Lakini maharagi ikivunwa, nitakuja kuangalia. Nikikuta batu banaingia, chumba ni yako. Nikikuta unaangalia barabara tu, miye naweka magunia yangu, na weye unakuja kunisaidia kuuza."

Wakuu, nampenda baba yangu. Lakini nimesoma informatique miaka mitatu, na vumbi la maharagwe linanipigisha chafya tangu utotoni. Nilikitaka kile chumba kuliko kitu chochote.

Nilianza na desktop niliyoachiwa na binamu yangu. Tower kubwa nyeusi, feni yake inavuma kama kinu cha kusaga unga. Mimi natumia sola na betri, na ile tower ilikuwa inamaliza betri kabla ya saa sita mchana. Siku moja ikatoa mlio, ikatoa harufu, ikafa. Power supply iliungua ikaondoka na motherboard.

Ndipo nikaanza kusoma humu humu jukwaani kuhusu mini PC. Kimashine kikubwa kidogo kuliko Biblia ya Mama, kina chaja kama ya laptop, kinakula umeme kidogo mno. Nikasema hiki ndicho changu. Papa akakubali kunisaidia kununua, kwa sharti moja: nilete mashine ya kazi, si mchezo.

Nikapanda gari hadi Beni. Kule Bungulu kuna kaka mmoja anauza mashine used zinazoingia kutoka Uganda, wote wanamwita Ya Kasereka, yaani kaka Kasereka. Mtu wa kweli. Aliifungua mbele yangu bila kuombwa.

"Angalia mwenyewe, dada. RAM ni quatre giga, nne tu, disque ni ya zamani, itakuwa polepole. Mais processeur iko muzuri. Anza nayo hivi, utaongeza kidogo kidogo."

Core i5, sehemu mbili za RAM, moja tupu. Niliijaribu saa nzima, kila tundu la USB. Mkinunua hizi, hakikisheni chaja yake yenyewe ipo, na muangalie tundu la screen: hii ilikuwa na DisplayPort na screen yangu ni VGA ya kizamani, Ya Kasereka akaniongezea adapter.

Nikaitia kwenye mkoba wangu wa mkono. Kompyuta nzima, wakuu, katikati ya kitenge na ndizi! Nilirudi Butembo natabasamu peke yangu dirishani, abiria wa pembeni akadhani nimepata mchumba.

Furaha iliisha pale nilipoiweka mezani mbele ya Papa.

Aliinyanyua kwa mkono mmoja, vile anavyonyanyua kona ya gunia kujua kama muuzaji amempunja.

"Na ingine iko wapi?"

"Ingine gani, Papa?"

"Ordinateur, kompyuta yenyewe. Hii si ile ya kushikisha télé?"

"Papa, njo hii, ndiyo yenyewe. Yote iko ndani."

Akainyanyua tena. "Mashini ya kazi inakuwaka na uzito," akasema, akaiweka taratibu, akatoka. Angenifokea ningeumia kidogo kuliko vile.

Nilijipa moyo kwamba wateja watanielewa. Thubutu! Mwalimu mmoja aliingia na mitihani yake, akainama akaangalia chini ya meza, akauliza mashine yangu imepelekwa kutengenezwa? Nikamwonyesha. "Ile haiko décodeur?" Akasema atarudi kesho. Nikamwona kwa macho yangu anaingia kwa jirani, kwenye tower kubwa na jenereta. Wiki hiyo waliondoka hivyo watatu au wanne.

Na Kirumba maharagwe yalikuwa yameshatoa maua.

Hapo ndipo akili mbaya ikanijia.

Nikachukua ile tower iliyokufa, nikaitoa matumbo yote, nikaifuta ikang'aa, hata binamu yangu asingeitambua. Nikailaza mini PC ndani, nyaya nikazipitisha nyuma. Nikafunga na kitaa kidogo cha bluu mbele, chenye kuwaka bure tu. Halafu nikakumbuka mkono wa Papa. Nikatoka nje, nikaokota nusu tofali, nikaifunga kwa kitambaa isigonge, nikaitia humo.

Papa alipopita nikamwambia nimepata nyingine. Akainyanyua, kwa mikono miwili safari hii.

"Ah! Sasa njo ordinateur."

Wateja wakaanza kuingia. Yule mwalimu alirudi, akaipigapiga ubavuni kama mtu anayesalimia ng'ombe. Mashine ni ile ile, wakuu! Ile ile aliyoikimbia.

Lakini ilikuwa polepole kweli, kama Ya Kasereka alivyosema. Ukifungua kazi ya mwanafunzi yenye picha unaweza kwenda kuteka maji ukarudi. Nikaamua kufanya upgrade. Nikaenda duka moja mjini kati, muuzaji akaniuliza: "RAM ya desktop ao ya laptop?"

Nikajibu bila hata kupepesa macho: "Ya desktop."

Mnaozijua hizi mashine mmeshaanza kucheka. Mini PC inatumia RAM fupi, ya laptop. Nilifika nyumbani na kipande kirefu, nikakilinganisha na slot, nikakaa chini. Miaka mitatu ya informatique! Nilikuwa nimeshauzoea uongo wangu hadi nikajidanganya mwenyewe dukani. Muuzaji alikubali kunibadilishia, ila fupi hana, zitafika na mzigo wa wiki ijayo.

Sasa kabla ya wiki ijayo kufika, ikafika kazi ya kanisa.

Kulikuwa na mkutano wa kwaya Jumapili, na pasta alitaka kitabu cha nyimbo. Papa ni mzee wa kanisa. Ni yeye mwenyewe aliyesimama akasema wapeleke kwa binti yake. Sikuamini masikio yangu. Kazi kubwa kuliko zote, na imeletwa na Papa.

Ijumaa mchana wakaja watatu kuhakiki kurasa za mwisho: pasta, mama kiongozi wa kwaya, na Papa ambaye hakuwa na shughuli yoyote pale zaidi ya kujivuna. Lori limepita, vumbi limejaa, tumefunga mlango, chumba ni joto tupu.

Mashine ikazima.

Nikawasha. Dakika mbili, ikazima tena. Nikagusa kasha, limepata moto. Kumbe wiki zote hizo ile mini PC ilikuwa inapumua hewa yake yenyewe mle ndani.

Papa amesafiri na malori maisha yake yote. "Inachemka," akasema. "Ifungue, ipumue."

"Hapana Papa, itakaa sawa."

"Masika," akaniita kwa jina. "Fungua."

Akaja mwenyewe, akavuta ubavu wa kasha, ukatoka.

Ndani: kimashine kidogo kimelala kwenye vumbi, na furushi la kitambaa. Papa akalifungua furushi. Akaishika nusu tofali, akaigeuza huku na huku.

"Na hii, inafanyaka kazi gani?"

Sikuwa na pa kujificha. "Uzito, Papa."

Pasta akaangalia dari. Mama wa kwaya akapata kikohozi. Mwisho pasta akashindwa, akaangua kicheko hadi akashika meza. Papa hakucheka.

"Niko nauza viazi tangu weye haujazaliwa," akasema polepole. "Hakuna mutu alishafungua gunia yangu akakuta kikubwa juu, kidogo chini. Na mutoto yangu njo ananiwekea tofali?"

Nililia, wakuu. Mbele ya pasta, na umri wangu huu. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikamwambia: "Papa, ulisema haina uzito."

Kicheko cha pasta kikakatika.

"Nilisema, ndiyo," Papa akajibu.

Akaweka tofali chini. Akaitoa mini PC, akaibadilisha mkono kwa mkono kwa moto wake, akaipuliza vumbi, akaiweka mezani karibu na dirisha. Akafungua mlango na dirisha lenyewe.

"Tungoje ipoe. Halafu ifanye kazi vile iko."

Tukangoja wanne, tunaangalia kiboksi kama wagonjwa wanaomngoja daktari. Ilipopoa nikaiwasha, ikajikokota, lakini haikuzima tena. Tuko ukurasa wa kumi na kitu, jenereta ya jirani ikaishiwa mafuta, kukawa kimya barabara nzima. Mimi naendelea kuandika.

Papa akatega sikio. "Ya jirani imezima?"

"Ndiyo, Papa."

"Na ya kwako?"

"Iko ku betri. Inakulaka kidogo."

Akaguna tu. Lakini namjua, ule mguno ni wa kwenye viazi vizuri. Kitabu kilikwisha jioni ile, Jumapili kwaya ziliimba, na wimbo wa tisa una kosa moja la chapa ambalo mpaka leo nikilisikia najikunyata.

RAM fupi ilipofika nikatia ya giga nane, pamoja na ile ya zamani zikawa kumi na mbili. Nikatoa disque ya kizamani nikaweka SSD, nikapiga Windows upya. Wakuu, kama mna mashine inayojikokota, anzeni na SSD kabla ya kitu kingine. Ile safari ya maji imekufa. Nikibonyeza, kabla sijavuta kiti imeshawaka.

Na mtangazaji wangu sasa ni Papa. Akipita akikuta mteja anaishangaa, anaingia bila hodi: "Inua! Inua na mukono moja! Uliona? Na kazi inafanya yote." Kuna watu wanakuja kuiinua tu.

Kasha Mama alilichukua akaliweka nyuma ya jikoni. Kuku wake akaingia siku ya kwanza, akatuliza mwili, anatagia humo hadi leo. Ndiye mpangaji niliyewaambia.

Maharagwe yakavunwa.

Lori la Kirumba lilisimama mbele ya mlango wangu asubuhi, nina mwanafunzi mmoja kwenye kiti na mama mmoja anangoja. Papa akashuka. Vidole vyangu vikasimama kwenye keyboard. Aliangalia ndani, hakunisalimia, akawageukia wapakuaji:

"Hapana hapa. Mupeleke ku nyumba."

Magunia yote yakaenda kulala salon, yaani sebuleni kwa Mama. Mama alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Kwa wiki kadhaa wageni wetu walikunywa chai wakiwa wameegemea maharagwe, na mimi nilikuwa nikiingia pale nanyamaza, maana nilijua yamehamia pale kwa ajili ya nani.

Mchana wa siku ile ile Papa alirudi, kalamu sikioni, kipande cha karatasi mkononi. Akapanga mstari nyuma ya yule mama. Zamu yake ilipofika akanikabidhi. Alitaka vibandiko vya kufunga kwenye magunia yake, na maneno aliyaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: JUU NA CHINI NI SAWA.

"Fanya haraka, madame," akaniambia, "batu bananingojea."

Nilichojifunza ni hiki: mini PC ni mashine kamili, iacheni ipumue, na RAM yake ni fupi. La pili sina haja ya kulieleza, Papa alishaliandika. Wenye mini PC semeni mmetia nini humo ndani, na wenye matofali yao waliyoyaficha mahali wajitokeze pia, hapa hatuchekani sana. Picha ya kasha nitaweka kuku akitoka.

Vile vibandiko nilichapa kimoja cha ziada. Nimekibandika juu ya mini PC, pale mteja anapoweka mkono akitaka kuiinua.